Caltrain na majirani wa reli: taarifa za huduma na ushirikishwaji wa wananchi ni kazi moja

#1 (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia matangazo na vikao vya Caltrain, shirika linaloendesha treni za abiria kati ya San Francisco na San Jose katika jimbo la California, Marekani, na nimeona nianzishe uzi huu kwa jambo moja tu. Mashirika mengi ya reli huwa na dawati la mahusiano ya jamii, ambalo hugawa vipeperushi na kuitisha mikutano, na mbali kabisa na dawati hilo huwa na chumba cha uendeshaji, ambacho hutangaza kwamba treni fulani imechelewa au imefutwa. Kwa mtazamo wangu hizi ni kazi moja, na zinapotenganishwa, abiria na jirani wa reli hupata habari wakati ambapo haziwasaidii tena.

Kwa wasioifahamu, njia hiyo ilikamilika mwanzoni mwa 1864. Kampuni ya Southern Pacific, iliyoendesha treni za wafanyakazi hapo kwa miongo mingi, iliomba mwaka 1977 iruhusiwe kuziacha kwa sababu zilikuwa zikiitia hasara. Serikali ya jimbo ikaziokoa mwaka 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kaunti tatu za San Francisco, San Mateo na Santa Clara zikainunua reli yenyewe na kuiweka chini ya bodi ya pamoja yenye wajumbe 9, watatu kutoka kila kaunti. Shirika la namna hiyo haliwezi kuendeshwa kwa amri ya mtu mmoja, maana treni moja inayosimama njia nzima hupita katika miji mingi, kila mji una baraza lake la madiwani, na kila baraza lina wakazi wake wanaolalamikia jambo lao.

Sasa angalieni mwaka 2020. Ugonjwa wa Uviko-19 ulikuwa umewaondoa abiria zaidi ya 9 kati ya kila 10, na shirika lilitegemea nauli kuliko mashirika mengi ya aina yake. Mwezi Novemba wapigakura wa kaunti hizo tatu waliulizwa kama wanakubali kodi ya mauzo ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja, kwa miaka 30, kwa ajili ya treni hizo. Theluthi mbili ya kura ilihitajika, nayo ilipatikana na kuzidi. Kodi hiyo ilitarajiwa kuingiza takriban dola milioni 100 kwa mwaka. Wengi wa waliopiga kura ya ndiyo hawakuwa wamepanda treni miezi kadhaa, na bila shaka wapo ambao hawajawahi kuipanda maishani. Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa wanaosema kwamba kuzungumza na jirani asiyepanda treni ni mapambo ya ofisi, wakati huyo jirani ndiye aliyelinusuru shirika.

Nianze na mfano wa tangazo lililofanya kazi yake. Kuanzia Oktoba 2018 hadi mwaka uliofuata, mahandaki manne ya San Francisco yalihitaji kutayarishwa kwa ajili ya nyaya za umeme, na kazi hiyo haiwezi kufanyika treni zikipita. Kwa hiyo, kila mwisho wa juma treni ziliishia stesheni ya Bayshore na abiria wakamaliziwa safari kwa mabasi ya bure. Tangazo la jambo kama hilo linaweza kuandikwa kwa namna mbili. La kwanza husema: "Kutokana na shughuli za uboreshaji wa miundombinu, huduma zitaathirika." La pili husema treni itaishia wapi, basi litasimama upande gani wa stesheni, litafika stesheni zipi, safari itaongezeka kwa muda gani, na mwenye baiskeli afanye nini ikiwa basi halina nafasi ya baiskeli. La kwanza limeandikwa ili shirika lisilaumiwe; la pili limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama na mzigo wake.

Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, umeandika vizuri, lakini ninapingana nawe katika sehemu moja. Mikutano hii ya kukusanya maoni ni sherehe. Michoro huwa imekwisha kuchorwa, mkandarasi amekwisha kupatikana, kisha wananchi wanaitwa waandike maoni kwenye vikaratasi vya rangi na kuvibandika ukutani. Ni lini umeona maoni ya abiria yakibadili behewa lililokwisha kuagizwa?

#3 (mleta uzi)

Mkuu wa #2, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa behewa hasa, kwa kuwa umelitaja mwenyewe.

Kwanza tutenganishe mkutano wa hisani na mkutano wa sheria. California ina sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1953, iitwayo Brown Act, inayovilazimisha vyombo vya umma vya ngazi ya mitaa kubandika ajenda ya mkutano wa kawaida angalau saa 72 kabla, na kumpa mwananchi nafasi ya kusema kabla au wakati jambo linapojadiliwa. Juu ya hapo kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo sehemu yake ya 6 inakataza ubaguzi wa rangi au asili ya taifa kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu. Kwa mashirika makubwa ya usafiri maana yake ni kwamba kabla ya kupandisha nauli au kubadili ratiba kwa kiwango kikubwa, ni lazima lichunguzwe swali la nani ataumia zaidi, na matokeo ya uchunguzi huo yafike mbele ya bodi. Vilevile ni lazima kuwe na mpango wa kuwafikia wasiojua Kiingereza vizuri. Kwa hiyo shirika likibadili ratiba kwanza na kuwauliza watu baadaye, kuna mahali pa kulishtaki.

Haya, behewa. Caltrain inajulikana kwa kubeba baiskeli nyingi kuliko treni nyingine nyingi nchini humo. Katika treni zake za zamani za dizeli, baiskeli zilifungwa kwa kuegemezana, hadi nne katika fremu moja, na kila mwendesha baiskeli alining'iniza kwenye yake kikaratasi kigumu chenye jina la stesheni anakoshukia. Unafika na baiskeli yako, unasoma vile vikaratasi, na kama wewe unashuka kabla ya wote, unaegemeza ya kwako nje kabisa. Asiyekuwa na kikaratasi huulizwa kwa sauti na behewa zima. Utaratibu huo haukubuniwa na mhandisi yeyote mezani. Ni mazoea ya watu wanaosafiri pamoja kila siku, na mtu asiyewahi kukaa nao hawezi kujua kwamba upo.

Treni mpya za umeme zilipokuwa zikibuniwa, kulizuka mvutano mkubwa kati ya viti, baiskeli na vyoo, kwa sababu kila kimoja kinakula nafasi ya kingine. Mwaka 2015, baada ya kupokea maoni mengi sana, bodi iliamua uwiano wa viti 8 kwa kila nafasi moja ya baiskeli. Waendesha baiskeli hawakuridhika, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ukikaa mbali na baiskeli yako, mwizi anashuka nayo stesheni ya katikati nawe unaitazama kupitia dirishani. Kutokana na shinikizo hilo, mpangilio wa mabehewa ya baiskeli ulirekebishwa na vikawekwa viti vya kukunja, ili mtu aweze kukaa karibu na chombo chake. Choo kilibaki kimoja kwa treni nzima ya mabehewa saba, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila aliyesema alisikilizwa. Lakini waliosikilizwa ni wale waliofika na hoja mahususi wakati mchoro ulipokuwa bado unarekebishika, na shirika linalotangaza mapema jambo gani bado linarekebishika huwa limewatendea watu haki zaidi kuliko linaloandaa mikutano kumi ya jumla.

Kwenye suala la vikaratasi vya rangi ukutani, nakubaliana nawe kabisa.

#4

Mimi naomba nielimishwe kuhusu honi. Mtu anayeishi karibu na reli haamshwi na ratiba, huamshwa na honi ya saa kumi na moja alfajiri. Kwa nini shirika lisitoe agizo kwa madereva wapunguze?

#5 (mleta uzi)

Mkuu wa #4, umegusa mahali ambapo dawati la jamii hutukanwa kwa kosa lisilo lake, na ningependa tukae hapa kidogo.

Nchini Marekani kanuni ya serikali kuu iliyoanza kutumika 2005 inamtaka dereva wa treni apige honi anapokaribia kila makutano ya barabara na reli yaliyo usawa mmoja, sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika. Mlio wenyewe umepangwa: mirefu miwili, mfupi mmoja, kisha mrefu mmoja unaoendelea hadi kichwa cha treni kiingie katika makutano. Hata ukubwa wa sauti umewekewa mipaka, kati ya desibeli 96 na 110, ukipimwa futi 100 mbele ya treni. Dereva akiamua kuwaonea huruma waliolala, anavunja sheria. Kati ya San Francisco na San Jose, Caltrain ina makutano ya namna hiyo 41, na baadhi yako karibu karibu kiasi kwamba mlio wa moja haujaisha masikioni kabla wa pili haujaanza.

Dawa ipo, nayo inaitwa eneo la ukimya. Lakini anayeliomba si shirika la reli. Ni mji au kaunti yenye mamlaka juu ya barabara. Eneo lenyewe haliwezi kuwa fupi kuliko nusu maili, na mji kwa kawaida hulazimika kugharamia vitu vya kufidia honi iliyonyamazishwa: vizuizi vinavyofunga njia zote nne za makutano badala ya mbili, au ukingo katikati ya barabara unaomzuia mwenye gari kuzunguka kizuizi. Hata baada ya hapo dereva hubaki na ruhusa ya kupiga honi akiona hatari.

Sasa jiweke mahali pa mama mwenye mtoto mchanga anayelipigia simu shirika. Jibu la "tunafuata kanuni za serikali kuu" ni la kweli kabisa na halimsaidii hata chembe. Jibu linalomsaidia ni lile linalomwambia kwamba uamuzi uko kwa baraza la mji wake, kwamba kuna utaratibu wa kuomba, kwamba miji jirani ina hatua ilizokwisha kufikia, na kwamba akitaka kulisukuma jambo hilo aende kwenye kikao gani. Mwenye kutoa jibu hilo anahitaji kujua kanuni za uendeshaji na siasa za mji kwa pamoja. Hapo ndipo nasema kazi ni moja.

Kuna njia ya gharama zaidi, nayo ni kuinua reli au kuishusha barabara ili makutano yasiwepo kabisa. Mji wa San Mateo ulifanikiwa katika eneo la barabara ya 25th Avenue, ambako reli iliinuliwa na stesheni ya Hillsdale ikajengwa upya, ikafunguliwa 2021. Wakati wa ujenzi stesheni hiyo ilifungwa kwa miezi kadhaa, na abiria wake wakaelekezwa kwenye stesheni ya Belmont.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mabaraza ya miji, niwakumbushe kisa cha mji wa Atherton. Ni mji mdogo wa watu wenye uwezo, uliowahi kwenda mahakamani kupinga mradi wa umeme. Stesheni yake ilikuwa na jukwaa la katikati ambalo abiria hulifikia kwa kuvuka reli, kwa hiyo treni moja ikiwa imesimama, ya upande wa pili ililazimika kungoja nje. Treni za siku za kazi ziliacha kusimama hapo tangu 2005. Stesheni ilifungwa moja kwa moja Desemba 2020, baada ya shirika na mji kukubaliana juu ya mambo kadhaa, likiwamo la kuboresha makutano ya Watkins Avenue. Yalikuwa mazungumzo makavu kati ya pande zilizokwisha kushtakiana, na yalifika mwisho kwa sababu kila upande ulijua unachopata.

#6

Nimefuatilia uzi kimya kimya tangu juu. Mimi ni mtu wa kompyuta, na naona tunajadili mambo ya zamani. Siku hizi abiria hatafuti tangazo ukutani. Simu yake inamwambia treni iko wapi. Hilo dawati la jamii limebaki na kazi gani?

#7 (mleta uzi)

Mkuu wa #6, simu inamwambia kile ilichoambiwa. Muundo wa data unaotumiwa na programu nyingi za safari duniani, GTFS, ulizaliwa 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la Portland, na baadaye ukaongezewa sehemu ya taarifa za papo kwa papo. Ni kazi nzuri mno. Hata hivyo, una mahali pa kuweka muda wa kuchelewa, na una mahali pa kuweka maelezo, na yale maelezo lazima yaandikwe na mtu. Treni ikifutwa na mtu wa chumba cha uendeshaji akasahau kuiondoa katika mfumo, simu itaendelea kuionyesha ikikaribia kwa uaminifu wote, dakika sita, dakika tatu, imefika, na jukwaani hakuna kitu. Nimewahi kuingoja treni ya namna hiyo kwenye reli nyingine ambayo sitaitaja, pamoja na watu wengine wapatao ishirini, na nakumbuka kwamba hatukukasirika treni ilipokosekana. Tulikasirika pale kioo cha matangazo kilipoanza kuhesabu dakika za treni iliyofuata bila kusema neno juu ya ile ya kwanza.

Chukueni tukio la kusikitisha zaidi katika kazi hii, mtu anapogongwa na treni. Wasafiri wapya hushangaa kwa nini njia inafungwa kwa saa nzima au zaidi. Ni kwa sababu polisi na mchunguzi wa vifo lazima wafike na kumaliza kazi yao, na dereva aliyepatwa na tukio hilo hawezi kutarajiwa kuendelea na safari. Taarifa ya kwanza inayosema "treni zimesimama kaskazini ya stesheni fulani, hatutarajii kuondoka kabla ya saa moja, tutatoa taarifa nyingine baada ya dakika 15 hata kama hakuna jipya" humwezesha mtu kumpigia mwenzake akamchukue mtoto shuleni. Taarifa ya "kuchelewa kwa dakika 10", inayosogezwa mbele mara sita, humnyima nafasi hiyo. Na lugha ya taarifa ina uzito wake: katika matukio mengi ya aina hii aliyefariki alikusudia, kwa hiyo msemaji makini hatoi simulizi ya jinsi ilivyotokea, na badala yake huweka namba ya msaada, ambayo kwa Marekani ni 988.

#8

Mleta uzi, swali langu ni la usalama. Umesema treni sasa ni za umeme. Majirani walielezwaje hatari mpya, na mtu akiona gari limekwama relini anampigia nani?

#9 (mleta uzi)

Nijibu la pili kwanza kwa kuwa linaweza kuokoa maisha. Katika kila makutano ya barabara na reli ya umma nchini Marekani kuna kibao kidogo cha buluu chenye namba ya simu na namba ya utambulisho wa makutano hayo. Gari likikwama, watu wote washuke na waondoke relini, wakitembea kwa mshazari kuelekea upande treni inakotokea, ili vipande vya gari likigongwa visiwafuate. Kisha wapige namba ya kibao na kutaja utambulisho uliopo. Namba hiyo inampata mtu wa reli anayeweza kuwasiliana na madereva wa treni, ilhali askari wa namba ya dharura ya kawaida angelazimika kwanza kuuliza ni makutano yapi. Ni jambo dogo, na idadi ya watu wanaopita hapo kila siku bila kukiona kile kibao inatisha.

Kuhusu umeme: treni za kwanza zilibeba abiria Agosti 11, 2024, na huduma kamili ya umeme kati ya San Francisco na San Jose ilianza Septemba 21 mwaka huo. Siku za mapumziko treni ambayo zamani ilipita kila saa sasa inapita kila nusu saa, na safari ya treni inayosimama kila stesheni imepungua kwa zaidi ya dakika 20. Kusini ya San Jose kuelekea Gilroy bado ni dizeli, na abiria hubadilisha treni. Katika kutangaza mabadiliko hayo, habari njema ya ratiba ilikuwa rahisi kuifikisha. Ngumu ilikuwa ile ya nyaya.

Nyaya hizo zina volti 25,000 na zina umeme saa zote, treni iwepo au isiwepo. Hatari yake ni kwamba mtu hahitaji kuzigusa, maana umeme wa nguvu hiyo unaweza kuruka hewani, na ndiyo sababu watu huambiwa wakae angalau futi 10 mbali nazo pamoja na chochote walichoshika. Reli ileile waliyoizoea tangu utotoni ilibadilika siku moja kuwa kitu kingine, huku ikionekana vilevile isipokuwa nguzo na waya juu. Hilo halielezeki kwa bango moja stesheni. Linamhusu mkata miti ambaye ngazi yake ni ya chuma na mti wake umeinamia uzio wa reli, linamhusu mchora kuta anayepanda juu ya daraja usiku, na linamhusu mzazi anayeandaa sherehe ya mtoto karibu na reli.

Hili la mwisho si mzaha. Shirika limekuwa likiwaonya watu kuhusu maputo ya karatasi ya fedha, yale yanayong'aa ambayo hununuliwa siku za kuzaliwa. Yana tabaka la madini linalopitisha umeme, na puto moja likiponyoka na kunasa kwenye waya linaweza kusababisha hitilafu ya umeme na treni zikasimama. Onyo hilo ukimpelekea abiria aliyemo ndani ya treni, anakuwa amechelewa kulitumia. Anayestahili kulipata ni mwenye duka la maputo na mwalimu wa chekechea, na anayejua walipo ni yule wa dawati la jamii. Anayejua waya gani ulileta hitilafu jana saa nane mchana ni yule wa chumba cha uendeshaji. Kama wawili hao hawaongei, tangazo la kesho litasema tena kwamba treni zimechelewa "kutokana na sababu za kiufundi".